Malezi ya Watoto Wetu: Homa Isiyojulikana Sababu Yake



Mwezi uliopita tulizungumza katika ukurasa huu juu ya chakula cha mtoto anapoanza kuachishwa ziwa. Tulikusudia mwezi huu tuyaendeleze maneno hayo, walakini limetukia jambo katika mtaa wetu lililotulazimisha kuyaweka kando kwa muda, tuseme juu ya homa ya watoto wadogo. Si kila homa tunayoikusudia. Twakusudia ile inayomshika mtoto pasina kikohozi, pasina kuharisha, pasina jeraha wala jipu, mpaka mzazi akauliza, "Homa hii imetoka wapi?" asipate wa kumjibu.

Jambo lenyewe ni hili. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alitujia bibi mmoja, jirani yetu, akitaka tumwandikie kombe mjukuu wake. Mtoto alikuwa na wiki tano tangu kuzaliwa, na mama yake hajatoka arobaini. Tukamwuliza, "Bibi, mtoto ananyonya?" Akasema, "Hulishika ziwa, mwalimu, kisha likamponyoka akalala." Tukamwuliza, "Mkimwamsha huamka?" Akasema, "Huamka kwa shida, na kilio chake ni kidogo kama cha mtoto wa paka." Tukamwambia, "Bibi, huyu usiku huu si wa kombe. Huyu ni wa hospitali, na ni sasa hivi." Akatutazama kwa mshangao, akasema, "Arobaini haijatimu, mwalimu. Na homa yenyewe si kali hivyo."

Tukaondoka sisi wenyewe kwenda kumgongea baba mlango, na gari likatafutwa. Hospitali wakampima malaria, wasiione. Kifua kilikuwa safi, na masikio hayana kitu. Wangaliweza kusema kuwa ni homa tu na wamrudishe nyumbani, lakini kwa kuwa mtoto hajatimiza miezi miwili hawakutosheka na hayo. Walichukua mkojo, wakachukua damu, wakachukua na maji ya uti wa mgongo, na wakamwanzishia sindano usiku ule ule kabla majibu hayajatoka. Majibu yalipotoka ikadhihirika kwamba bakteria waliokuwa katika njia ya mkojo walikwisha kuingia katika damu. Alilazwa siku 10, na leo yuko nyumbani kwao ananyonya, alhamdulillahi.

Huenda msomaji akauliza, mwalimu wa chuo amepata wapi maarifa ya kuuliza maswali yale? Tutajibu kwa ukweli, ijapokuwa ukweli wenyewe ni mchungu kwetu.

Yapata miaka 12 sasa, jioni ya Alkhamisi, tuliletewa mtoto wa kike wa miezi minane. Homa ilikuwa ya siku ya tatu. Hakunyonya tangu asubuhi, na kila mama yake alipomwinua alilia zaidi badala ya kunyamaza. Utosi wake ulikuwa umefutuka. Tuliuona kwa macho yetu, tukaugusa kwa vidole vyetu, wala hatukujua maana yake. Tulimsomea, tukaandika kombe, tukawaambia wazazi wamlete tena baada ya sala ya Ijumaa. Kabla ya alfajiri mtoto akashikwa na dege. Alipofikishwa hospitali ikaonekana kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Alitibiwa akapona, lakini ugonjwa ule ulimwachia uhai ukamchukulia masikio.

Mtoto yule leo ni mwanafunzi wetu. Hukaa mstari wa mbele, macho yake yakifuata midomo yetu na kidole chetu juu ya ubao. Herufi zote anazijua, na mwandiko wake unawashinda wenzake wengi, lakini hakupata kuisikia sauti ya hata herufi moja. Hatusemi kwamba lau angalipelekwa usiku ule hapana shaka angalisikia. Hilo analijua Mwenyezi Mungu. Tunalosema ni kuwa usiku mzima ulipotea, na ulipotea mikononi mwetu. Wazazi wake hawakutulaumu hata siku moja. Wametupa idhini tuiandike khabari hii bila ya majina, ili isimfike mwingine. Tangu siku ile tumekuwa tukiwauliza madaktari na wakunga kila tupatapo nafasi, na haya yafuatayo ndiyo tuliyofunzwa.

Homa nyingi ni nyepesi, chache ni za khatari

Kwanza yafaa tujue kwamba homa si ugonjwa. Homa ni alama ya kwamba mwili unapigana na kitu. Aghalabu kitu hicho ni virusi, na mtoto hupoa baada ya siku chache. Mwaka 2014 ilitangazwa khabari ya uchunguzi uliofanywa Tanzania, katika Dar es Salaam na Ifakara, juu ya watoto 1,005 wenye homa waliopelekwa kutibiwa. Watoto 70 na zaidi katika kila 100 walikuwa na maradhi ya virusi. Wenye maradhi ya bakteria walikuwa 22 katika kila 100, na wenye malaria walikuwa kiasi cha 10 tu. Wazee wetu walizoea kusema kuwa kila homa ni malaria, na zamani walikuwa na sababu ya kusema hivyo, lakini hesabu hizi zatuonyesha kuwa mazoea hayo hayatufai tena.

Walakini mtu asidanganyike akasema, "Ikiwa nyingi ni nyepesi, basi na tungoje." Katika hospitali ya Kilifi, hapa pwani ya Kenya, madaktari walipima damu za watoto waliolazwa tangu mwaka 1998 mpaka 2002. Katika watoto 1,783 wasiotimiza siku 60, walioonekana na bakteria ndani ya damu walikuwa 228, yaani kiasi cha 13 katika kila 100. Waliozidi umri huo walikuwa kiasi cha 6 katika kila 100. Katika vifo vyote vya watoto 1,183 vilivyotokea hospitalini humo, 308 vilikuwa vya watoto wenye bakteria katika damu. Na katika hao 308, watoto 103 walikufa siku ile ile waliyofika, na ukihesabu mpaka siku ya pili walikuwa 217. Hebu na tuzingatie. Dawa zilikuwapo, na madaktari walikuwapo, lakini watoto wengi katika hawa walifika wakati umekwisha. Kwa hivyo kazi ya kuitambua homa ya khatari haianzi kwa daktari. Yaanza nyumbani, mkekani, kwa mama na baba.

Alama za kutazamwa nyumbani

Kuutambua ugonjwa kwa alama zake si elimu ngeni kwetu. Abu Bakr al-Razi, tabibu mashuhuri wa Kiislamu, aliandika kitabu cha kupambanua ndui na surua zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Nasi tuzijue alama zetu.

Alama ya kwanza ni umri wenyewe. Mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili, akiwekewa kipimajoto kwapani kikaonyesha digrii 37.5 au zaidi, apelekwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa uso wake ni mzuri na hapana jingine linaloonekana. Mtoto wa umri huu mwili wake haujawa na nguvu za kuuzuia ugonjwa mahali pamoja. Tena ajabu yake ni kuwa pengine badala ya kuwa moto huwa baridi. Akishuka chini ya digrii 35.5 khatari ni ile ile. Na aliyepita miezi miwili lakini hajatimiza mitatu, akifika digrii 38, naye apelekwe siku hiyo hiyo.

Ya pili ni kukataa kunyonya au kunywa. Mtoto mwenye mafua hunyonya huku akikatiza. Huyu wa khatari huliacha ziwa kabisa, au hana nguvu ya kulivuta. Ya tatu ni kutapika kila anachopewa, kisibaki kitu tumboni. Ya nne ni dege. Ya tano ni kulegea na kuzubaa: hacheki na anayemchekea, hafuati kwa macho, huamka kwa taabu, au analia kilio dhaifu kisichokoma hata akibebwa na mama yake.

Ya sita ni pumzi, na hii yataka saa yenye mshale wa sekunde. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua umhesabie pumzi zake dakika nzima. Aliye chini ya miezi miwili akifika pumzi 60, aliye tangu miezi miwili mpaka mwaka akifika 50, na aliye tangu mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40, huyo anapumua kwa haraka kupita kiasi. Ukiona na sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au anaguna, usingoje.

Ya saba ni utosi uliofutuka hali mtoto ametulia, au shingo iliyokakamaa. Ya nane ni ngozi. Tazama kama mikono na miguu ni baridi ilhali tumbo ni moto, au rangi yake imegeuka ya majivu. Tazama kadhalika vidoa vyekundu au vya zambarau. Vibonyeze kwa gilasi safi, na visipotoweka chini ya gilasi mkimbize hospitali. Kwa ngozi zetu nyeusi vidoa hivyo huonekana vizuri zaidi viganjani, nyayoni, ndani ya kope na kinywani.

Alama moja katika hizi yatosha; si lazima zikusanyike. Wala mtu asiufanye ukali wa homa peke yake kuwa mizani. Yuko mtoto mwenye homa kali anayecheza, na yuko mwenye homa ndogo anayekufa. Tena ukimpa mtoto dawa ya kushusha homa, ikashuka, usiseme kwamba ugonjwa umeondoka. Dawa ile imeondoa joto tu. Kama mna bakteria, wamo bado wanafanya kazi yao.

Arobaini, kombe na mafusho

Hapa twataka kusema na mabibi zetu kwa adabu na mapenzi. Arobaini ni ada nzuri inayompa mzazi mapumziko na heshima. Lakini mama kuwa katika nifasi kunamhusu katika sala na funga na mfano wa hayo. Hakuna katika sheria yetu kwamba asitoke kumpeleka mtoto wake kutibiwa. Na tazameni namna mambo haya yanavyokutana: siku hizo 40 tunazomfungia mtoto ndani ndizo siku ambazo homa ina khatari kubwa kabisa kwake. Ada yetu ilikusudiwa kumlinda mtoto, basi tusiifanye ikamzuilia kinga.

Ama kisomo, sisi hatukikatazi, na vipi tutakikataza hali ndiyo kazi yetu? Lakini Mtume wetu, Sala na Amani zimshukie, aliwaamrisha watu wajitibu, na kutawakali si kukaa. Kisomo hakina haja ya kungojewa nyumbani. Husomwa garini, na husomwa kando ya kitanda cha hospitali. Maji ya kombe asinyweshwe mtoto ambaye hajatimiza miezi sita, kwani hana haja ya maji, na maji yasiyokuwa safi yatamwongezea vijidudu. Mafusho nayo humbana pumzi mtoto ambaye pumzi yake huenda imekwisha kubanwa. Na dege si ndege wa usiku aliyepita juu ya paa. Dege ni ubongo uliopatwa na joto au ugonjwa. Mtoto alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, na apelekwe hospitali. Twawaomba walimu wenzetu na kila aletewaye watoto kusomewa waulize kwanza maswali matatu: Ananyonya? Anaamka? Anapumua vipi? Jibu likiwa baya, kisomo na kifuatane na safari.

Mambo ya hospitali yanayotutia shaka

Wazazi wengi huvunjika moyo wakiona mtoto anachomwa mara kwa mara, nao hawajaambiwa ana nini. Sababu ni kwamba hapana kipimo kimoja kinachoweza kutenganisha homa nyepesi na nzito. Kipimo cha malaria hupimwa kwanza, lakini majibu ya kuwa anayo hayamaanishi kwamba hana bakteria pamoja nayo. Hesabu ya chembe nyeupe za damu husaidia kidogo tu. Mkojo ni muhimu sana, kwani maradhi ya njia ya mkojo hujificha kwa mtoto asiyejua kusema. Husumbua watoto wa kike zaidi, na kwa wanaume wale wasiotahiriwa. Mama akiambiwa akinge mkojo, amsafishe mtoto kwanza, aukinge katika chombo safi alichopewa, la sivyo majibu yatapotosha. Damu nayo huoteshwa ili bakteria wadhihirike, na kazi hiyo huchukua siku moja, mbili au zaidi. Ndiyo sababu daktari huanza sindano kabla ya majibu kwa mtoto mchanga.

Kuna jambo moja linalowafanya akina baba kumbeba mtoto wao na kuondoka naye, nalo ni kutolewa maji ya uti wa mgongo. Husemwa kwamba sindano ile hupoozesha, au kwamba mtoto fulani alipotolewa maji alikufa. Tulimwuliza daktari akatueleza hivi. Sindano huingia chini kabisa mgongoni, chini ya pale unapokoma uti wenyewe, na maji yanayotolewa ni matone machache. Mtoto akionekana dhaifu mno, kipimo huakhirishwa na dawa zikatangulia. Wanaokufa baada yake huuawa na ugonjwa uliowafanya watolewe maji, khasa walioletwa kwa kuchelewa. Mzazi ana haki ya kuuliza na kuelezwa mpaka afahamu, lakini kumwondoa mtoto kwa khofu ni kuufungia ugonjwa ndani pamoja naye.

Jingine ni dawa zinazobaki nyumbani. Chupa ya antibiotiki iliyobaki kwa kaka isipewe mdogo wake. Dozi pungufu haiponyeshi. Hutuliza alama kwa muda, ikamfunika daktari macho, na bakteria wakazoea dawa. Kadhalika asipirini haifai kwa watoto.

Mtoto aliyezidi miezi mitatu, aliyechanjwa, anayenyonya na kucheza, daktari huenda akamchunguza akamrudisha nyumbani bila ya kumpa antibiotiki. Msikasirike. Mpeni ziwa na vinywaji kwa wingi, msimfunike mablanketi, mwangalieni hata usiku, na alama moja ikizuka, au homa ikifika siku ya tatu, mrudisheni. Kurudi si kumsumbua daktari, kwani ugonjwa usioonekana asubuhi waweza kudhihirika jioni.

Neno kwa waume

Tumesikia mara nyingi mama akisema, "Nilimwona mtoto hali yake si nzuri tangu adhuhuri, lakini baba yake hayupo." Baba yuko baharini, au yuko dukani, au yuko safarini, na mama hana ruhusa wala nauli. Ndugu zetu wanaume, ruhusa hiyo itoeni leo, mtoto akiwa mzima. Mwambieni mke wenu kwa maneno ya wazi, tena mbele ya mama yenu mkiweza: "Ukiona alama katika hizi, ondoka, usinisubiri." Kisha wekeni nauli mahali anapopajua, na asiiguse mtu kwa jambo jingine. Kipimajoto nacho bei yake si kubwa. Nyumba yenye mtoto mchanga isikose.

Wala msiziache chanjo. Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya vijidudu vya nimokoki mwaka 2011, na katika Kilifi maradhi makali yaliyoletwa na aina zilizomo katika chanjo hiyo yakapungua kwa watoto chini ya miaka mitano kwa kiasi cha asilimia 92. Vijidudu hivyo ni miongoni mwa vile viletavyo homa ya uti wa mgongo. Mtoto wetu wa mstari wa mbele alikuwa hajamaliza chanjo zake.

Ndugu wasomaji, yakateni maneno haya ya alama mkayabandike ukutani, pale mama anapolala na mtoto. Na atakayeyasoma amsomee na jirani yake asiyejua kusoma. Mwezi ujao, inshaallah, tutarudia yale maneno yetu ya chakula cha mtoto.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na atupe sisi wakubwa macho ya kuona mapema. Wabillahi taufiki.